Pikapu Iliyotakiwa Ipumue

Shemeji yangu wa Mwanjelwa, Mbeya, ana pikapu ya dizeli yenye tabo. Inabeba mchele wa Igurusi, inapanda Mlima Nyoka ikiwa imejaa viazi, na haijawahi kumlaza njiani. Kasoro ya pikapu, kwa maoni yake, ilikuwa moja: haina mbwembwe. Magari ya petroli ya vijana wa Mafiati, dereva akiachia mafuta ili abadilishe gia, hutoa ule mlio wa "pshhh!" unaogeuza shingo za watu na kukimbiza kuku.

"Nataka na hii ipumue," akaniambia.

Nikamweleza nilichokijua. Kwenye injini ya petroli kuna kisahani mlangoni mwa hewa. Ukiinua mguu, kinafunga. Hewa iliyokwisha kusukumwa na tabo inagonga mlango uliofungwa na kurudi kuyapiga mapanga ya tabo yenyewe. Dampu valvu inaipa njia ya kutokea, na mlio ndio huo. Dizeli nyingi za umri wa pikapu yake hazina mlango wa kufunga. Nguvu hupunguzwa kwa kupunguza mafuta, hewa inaingia muda wote, kwa hiyo hakuna kinachorudi nyuma. Dizeli nyingi za kisasa zina kisahani, lakini kina shughuli zake nyingine, kama kuisaidia injini izimike bila kutikisika. Tena valvu ya petroli hufunguliwa na mvuto wa hewa ambao dizeli haina. Ndiyo maana breki za dizeli huwekewa pampu yake ya kuvuta hewa, mara nyingi nyuma ya alteneta.

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Haina faida."

"Shemeji, mimi sikuuliza faida."

Muuza spea alimwelewa haraka kuliko mimi. Kwa dizeli, alisema, ipo ya umeme: unatega swichi kwenye pedeli ya mafuta, ukiachia tu, valvu inafunguka na hewa iliyoshindiliwa inatoka nje. Bei yake ingetosha chujio jipya la hewa, oili na mipira ya tabo, na bado tungekula kuku. Tena hewa yenyewe kwetu ni haba: Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa huku ni asilimia 80 na ushei tu ya ule wa Dar es Salaam, na tabo ndiyo inayofidia upungufu huo. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi aliomba hataza ya mtambo wa aina hiyo, unaotumia nguvu ya moshi unaopotea kushindilia hewa ndani ya injini. Shemeji akalipa fedha taslimu ili hewa hiyo irudishwe nje.

Tangu hapo akawa anabadilisha gia hata pasipohitaji gia. Mama yangu, ambaye kwake ni mama mkwe, alipopewa lifti ya kwenda kanisani aliusikia ule mlio, akaamuru gari lisimame, akashuka na kukagua matairi yote manne. Hakupanda tena. Alisema tairi la akiba nalo halimpi imani.

Kisha tukaenda Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu. Mlima Kitonga tuliuteremka kwa fahari, "pshhh!" kila kona, nyani wakitutazama. Kurudi, tukiwa na mzigo, swichi ikakwama. Valvu ikafunguka, ikagoma kufunga. Mafuta yanaingia, hewa inatoroka. Moshi mweusi ukatanda hadi sikuiona kona tuliyotoka kuikata. Lori lenye trela likatufikia, likabaki linatembea nyuma yetu kwa adabu ya msibani. Tandiboi wake akashuka, akatupata kwa miguu bila hata kukimbia.

"Wazee, mmebeba nini?"

"Vitunguu."

"Aa. Nilidhani gesi."

Tulijikongoja hadi Ilula. Fundi akatusalimia "Kamwene," akaizunguka pikapu, akaing'oa valvu na kuunga mpira kwa kipande cha bomba na klipu mbili. Akawasha, akakanyaga mafuta, moshi ukakatika. Akakinyanyua kile kidude.

"Hiki kilikuwa na kazi gani?"

Shemeji akawa ghafla anahesabu magunia.

"Ni cha mlio," nikasema.

Fundi akakitazama tena, akamtazama mwenye gari, na bei tuliyokuwa tumeshapatana ikapanda.

Pikapu sasa inapanda milima kama zamani. Valvu imeuzwa kwa kijana wa bodaboda pale Mwanjelwa. Nikamkumbusha shemeji kwamba bodaboda haina tabo.

"Analijua hilo," akasema, akihesabu noti. "Anatafuta mtungi wa upepo wa kufunga nyuma ya siti."