Tingatinga la Laki Sita na Nusu

Gari langu lilizima Tazara, katikati ya foleni, mvua ya masika ikinyesha kana kwamba inalipwa kwa ndoo. Fundi akaja, akainamia injini kama mganga anayesikiliza kifua cha mtoto, akasema ni giaboksi. Laki saba za kikoba zilikuwa mfukoni mwangu, zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ule ambao serikali inadhani uliisha mwaka 2019. Nikamwacha na gari, nikashika Barabara ya Nyerere kutafuta duka la spea. Mvua ikazidi. Nikakimbilia mlango wa kwanza niliouona, nao ukafunguka wenyewe kabla sijaugusa.

Kuna yadi, na kuna kule nilikoingia. Yadi ninazozijua, magari ya mtumba kutoka Japani yamepangwa juani kama samaki wa Feri, na dalali amekushika mkono kabla hujatoa salamu. Kule kulikuwa na magari matano tu, kila moja peke yake, kama ndugu waliogombania urithi. Sakafu iling'aa hata nikayaona matundu ya pua yangu kwa chini. Kiyoyozi kilipuliza baridi ya Makambako. Kwenye kona kilisimama kinyago cha Kimakonde cha mpingo, kirefu kunizidi, watu wamebebana kuanzia babu hadi kitukuu. Mikono yote ile imenyanyuliwa, na kofia yangu inachuruzika maji. Nikaitundika. Mlinzi akaja, akaitoa kwa vidole viwili, akanirudishia bila neno.

Hapo ndipo ningepaswa kujua kwamba si mahali pangu. Lakini nilikuwa nimeshaona kibao cha bei.

Kilikuwa kwenye kigingi chembamba, kati ya ukuta na gari kubwa jeusi: Sh 900,000. Kazi ya mkono. Ipo moja tu. Mimi si mjinga, najua gari jipya haliuzwi laki tisa. Nikajiambia hicho ni kianzio, nyingine zitakatwa kidogo kidogo. Mjomba wangu, dalali mstaafu wa Kariakoo, alinifundisha kwamba bei ikikuchekea, usiiulize inacheka nini.

Kijana wa suti akanisogelea. "Shikamoo mzee. Naona imekugusa."

"Marahaba. Imenigusa sana. Hii ni aina gani?"

"Tingatinga halisi, mzee."

Nikayatazama matairi. Matingatinga ninayoyajua huchonga barabara. "Unamaanisha uimara wake?"

"Kila kitu chake. Ilianza hapahapa Dar mwaka 1968. Wakiuzia Oysterbay, pale Morogoro Stores."

Sikuwahi kusikia kwamba Oysterbay walikuwa wakiuza magari yaliyotengenezwa nchini, lakini Azimio la Arusha lilikuwa limepita mwaka mmoja tu, na siku zile tulijaribu mengi.

"Na mafuta?"

"Hii si ya mafuta. Ya mafuta inachelewa kukauka. Wao walitumia rangi ya baiskeli."

Habari za baiskeli nikaziacha zipite. Si ya mafuta: basi ni ya umeme! "Inachukua watu wangapi?"

Akatazama nyuma yangu, midomo ikihesabu. "Ishirini na watatu. Na mbuzi. Konda ananing'inia mlangoni."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Muuzaji mcheshi namna ile hawezi kuwa mwizi. Nikataja laki tano. Akasikitika, akasema ngoja ampigie msanii. Mtaani kwetu msanii ni mtu anayekuuzia kiwanja cha mwenzako, kwa hiyo nilishangaa kidogo kumsikia akitajwa waziwazi, tena ofisini. Tukakubaliana laki sita na nusu. Wakati anahesabu noti zangu zilizolowa, nikampigia mama watoto: "Nimepata gari. Jipya. Liondoeni banda la kuku pale getini."

Risiti ikatoka. Nikakinga mkono nipewe funguo. Kijana akanipita, akapanda kigoda, akaangua kitu ukutani.

Ilikuwa picha. Daladala la buluu, abiria wana macho ya mviringo kama visahani, mbuzi dirishani, konda mguu mmoja nje. Nikawahesabu. Walikuwa ishirini na watatu kweli.

Ningesema nimekosea. Ila msanii alikuwa bado hewani, simu imewekwa sauti ya juu, ananiombea dua mimi na kizazi changu. Mtu anayeombewa hadi wajukuu anarudishaje mali? Na kijana alishaanza kunisimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeuawa mwaka 1972 na polisi waliomdhania mhalifu. Nilipiga hesabu: miaka minne tu ya kuchora, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Mimi nina miaka ishirini na sita kazini na jina langu bado linakosewa kwenye hati ya mshahara.

Akaongeza kwamba huko nje gari lenyewe hupewa msanii alipake: mwaka 1991 BMW walimkabidhi Esther Mahlangu wa Afrika Kusini gari, akalijaza nakshi za Kindebele. Nikaitikia kwa heshima. Moyoni niliona kwamba bajaji zetu zilishafanya hayo bila kukabidhiwa na mtu, na kwamba mbuzi wa kweli asingepita mlango wa gari lile.

Kwenye daladala la Gongo la Mboto konda alinitoza siti mbili. "Gari ndani ya gari, mzee," alisema. Abiria wakaipitisha picha mkono kwa mkono hadi siti ya nyuma, na mama mmoja akaapa kwamba yule wa dirishani, karibu na mbuzi, ni shemeji yake.

Nyumbani geti lilikuwa wazi. Banda halipo, kuku wamejikunyata chini ya mwembe, majirani wamejipanga kibarazani, watoto wamekwangua tope mpaka sakafu ikaonekana. Wote wakatazama nyuma yangu, barabarani. Mama watoto akaupokea ule mzigo, akachana gazeti, akatazama kwa muda mrefu. Nikaona kidole chake kinatembea juu ya picha, kichwa kwa kichwa, mpaka kwa konda.

"Baba," akasema, "mbona limejaa?"