Panda Ubadilike

(Jumapili asubuhi, juu ya mlima Balili, Bunda. Magharibi Ghuba ya Speke inang'aa. Mashariki yanaanza mawanda ya Serengeti. PIMBI amejianika juu ya jiwe. KONGOTI anatua, anakunja mabawa, anakohoa kama karani aliyestaafu.)

KONGOTI: Hodi hapo jiweni.

PIMBI: Karibu. Ila wewe si wa huku.

KONGOTI: Mimi wa Kitaji, Musoma mjini. Nasubiri shikamoo yangu.

PIMBI: Kutoka kwa nani?

KONGOTI: Hujauona huu upara?

PIMBI: Upara si umri. Mimi ukoo wangu na tembo ni mmoja, waulize hata wataalamu. Wa kushikwa miguu ni mimi. Yako nisingeishika hata ungenilipa, umeinyea mpaka imekuwa myeupe.

KONGOTI: Hicho ni kiyoyozi. Kinyesi kikikauka mguuni kinapoza damu. Haya, nimeshindwa. Shikamoo, mzee.

PIMBI: Marahaba, mura. Nini kimekuleta?

KONGOTI: Kosta. Nimeifuata tangu stendi ya Bweri. Ndani kuna vijana, spika moja na mahotipoti matatu. Hao hapo wanatokeza.

(Kundi la wapandaji linafika likihema, fulana zote za rangi ya chungwa: PANDA UBADILIKE. Mbele yao KOCHA WA MAISHA, ana filimbi.)

PIMBI: Wamefukuzwa na nani?

KONGOTI: Hawajafukuzwa. Wamelipa. Elfu ishirini na tano kila mmoja, pamoja na chakula na maji.

PIMBI: Kupanda huku? Yule mtoto anayechunga mbuzi hupanda kila siku na katambuga zake, na jioni anachapwa kwa kuchelewa.

KONGOTI: Yeye anachunga. Hawa wanafanya haikingi. Kocha atawapa wote karatasi, waandike kitu kimoja watakachobadilisha maishani. Nimeshaona wakifanya vile vile pale ufukweni Musoma. Wengi huandika kwamba wataacha soda.

PIMBI: Mbona hawakwenda huko mbugani, kwenye wanyama wenye majina?

KONGOTI: Getini Ndabaka Mtanzania analipa elfu kumi na kodi juu yake, tena hapo hujaweka gari, na humo ndani huruhusiwi kushuka ukatembea utakavyo bila askari mwenye bunduki. Balili hauna geti.

PIMBI: Kumbe. Na binamu yangu tembo naye analipa anapotoka?

KONGOTI: Huyo ndiye bingwa wa matembezi. Anavuka mpaka usiku, anashuka Kunzugu, anamaliza mahindi ya mtu, anaonja mihogo ya jirani, alfajiri amesharudi hifadhini. Hana kiingilio wala mwongozaji.

PIMBI: Na mwenye shamba?

KONGOTI: Anapiga debe mpaka linapasuka. Kukicha anakwenda kujaza fomu ya kifuta jasho.

PIMBI: Anapewa?

KONGOTI: Jasho lenyewe hukauka likisubiri.

PIMBI: Na binamu akimkanyaga mtu?

KONGOTI: Fomu inabadilika jina. Inaitwa kifuta machozi. Lakini ng'ombe wa mtu huyo akivuka kwenda upande wa tembo, hakuna fomu ya kufuta kitu. Ng'ombe anakamatwa, mwenyewe anatozwa faini.

KOCHA: (kwenye spika) Jamani, fumbeni macho! Jiulize: mimi wa jana na mimi wa leo tuna tofauti gani?

PIMBI: Anawafumbisha macho juu ya Balili? Wamepanda saa nzima kufuata mandhari!

KONGOTI: Mandhari wameshapiga picha.

PIMBI: Wangefumbua ningewaonyesha mabadiliko ya kweli. Ziwa lile, mura. Mvua za mwaka wa Uhuru, 1961, zilianza kulijaza, likapanda mpaka 1964. Watu wakasema halitafika tena pale. Mwaka 2020 likafika, likaingia kwenye nyumba na hoteli za ufukweni. Nyumbu je? Mwanzoni mwa miaka ya sitini walikuwa kama robo milioni. Ng'ombe wakachanjwa sotoka, ugonjwa ukakosa pa kukaa, na kufikia 1977 nyumbu wakawa zaidi ya milioni. Aliyechanjwa ni ng'ombe, aliyeneemeka ni nyumbu, na mwenye ng'ombe ndiye anayefukuzwa malishoni.

KONGOTI: Umezitoa wapi tarehe zote hizo, mzee? Pimbi mwenyewe hata miaka kumi na tano hufiki.

PIMBI: Sisi tuna maktaba. Choo cha ukoo ni kimoja, vizazi kwa vizazi, mahali palepale. Kinyesi na mkojo vinagandamana, vinashika chavua za majani ya kila zama. Kule Namibia na Afrika Kusini wanasayansi wanazichimba tabaka za jamaa zetu na kusoma hali ya hewa ya makumi ya maelfu ya miaka.

KONGOTI: Kule ni kukavu. Hapa Mara mvua si inaziosha?

PIMBI: (kimya kidogo) Tarehe za hapa, nyingine nimesimuliwa.

KONGOTI: Mimi sina maktaba, nina tumbo. Babu yangu alikula furu. Sangara akaja akawamaliza furu. Baba yangu akala mapanki ya viwandani. Sasa mapanki yenyewe watu wanayanunua na kuyakaanga, mimi nimebakiwa na chipsi mayai. Vizazi vitatu, vyakula vitatu, na hakuna aliyenipa karatasi niandike.

PIMBI: Zamani nako watu walipanda kutafuta mabadiliko, lakini hawakujitafuta wao. Waikizu walikuwa na watemi wa mvua, wakijihesabu kutoka kwa yule mwanamke Nyakinywa. Mtu alikwenda kwa mtemi ili hali ya hewa ibadilike. Akirudi nyumbani alikuwa yuleyule mkorofi, ila shamba limelowa.

KONGOTI: Biashara nzuri hiyo.

PIMBI: Na Mwalimu? Mwaka 1967 alitoka Butiama kwa miguu mpaka Mwanza, siku kadhaa, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Hayo ndiyo matembezi. Alitaka nchi nzima ibadilike.

KONGOTI: Ikabadilika?

PIMBI: Mara mbili. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likaja kulilegeza lile la kwanza, na safari hiyo hakuna aliyetembea hata hatua.

KONGOTI: Usiseme kwa sauti. Mwezi ujao hawa wanakwenda Butiama. Mwitongo, kaburini na makumbusho, kisha picha kwenye mawe.

PIMBI: Na watakwenda kwa miguu?

KONGOTI: Kwa Kosta.

(KOCHA anakaribia jiwe la Pimbi. Anagusa michirizi myeupe inayoteremka ubavuni mwa mwamba.)

KOCHA: Oneni hii! Chumvichumvi ya asili, imetoka moyoni mwa mlima. Kila mtu aweke kiganja hapa, achukue nguvu ya jiwe.

PIMBI: Ala! Ni choo cha babu!

KONGOTI: Nyamaza, mzee. Kuna watu duniani wanakiuza kama dawa, wengine wanakitia kwenye manukato.

PIMBI: Yule dada ananusa mkono.

KONGOTI: Anaandika. "Nimehisi kitu." Hajakosea.

(Kijana mmoja anarusha droni. Pimbi wakubwa wanapiga yowe na kuchupa mapangoni. Wadogo wanabaki juani.)

PIMBI: (kutoka tunduni) Ingieni, nyie! Tai mweusi!

KONGOTI: Ni kamera tu, mzee. Inavuma, haili mtu. Watoto wako wameshaizoea, mmoja anaiangalia kama anapigwa picha ya kitambulisho.

PIMBI: Jumapili iliyopita niliwakemea, wakanicheka. Wananiita mshamba. Wanasema dunia imebadilika, kila kinachopita juu si tai.

KONGOTI: Wanasema kweli. Hii ina taa nyekundu na kijani. Ile nyuma yake haina taa.

PIMBI: Ile ipi?

KONGOTI: Ile inayoteremka bila kuvuma.

PIMBI: Ingieeeni!

(Mvumo wa mabawa. Vumbi. Wapandaji wanashangilia na kuinua simu.)

KONGOTI: Mzee? Uko mzima? Wadogo wameingia wote, naona mkia... la, ninyi hamna mkia. Hesabu mwenyewe. Mimi nateremka, wamefungua hotipoti la pili na kocha bado amewafumbisha macho walio nyuma.