Jinsi ya Kumfundisha Mwanao Vipeo Ilhali Umevisahau

Mwanao wa Kidato cha Pili amekuletea daftari: 3ˣ⁺¹ = 81, tafuta x. Vipeo uliviacha shuleni, na heshima yako hutaki iguswe. Tulia, ndugu mzazi. Njia za mkato zipo, zinafanya kazi, na mtoto atafaidika kuliko wewe.

1. Kariri kwa siri. Jifungie chumbani na kipande cha karatasi. Vipeo vya 2: 4, 8, 16, 32, 64, 128. Vya 3: 9, 27, 81, 243. Vya 5: 25, 125, 625. Basi. Maswali mengi ya ngazi hii yanazunguka humo humo, maana mtunzi naye anataka majibu yatoke vizuri. Ipende zaidi 64: ni 2⁶, ni 4³, ni 8². Itaje hivyo bila kushika kalamu, uone mtoto anavyokaa sawasawa kitini.

2. Jifunze sentensi moja tu: "Zifanye namba za chini zifanane." Iseme taratibu, kisha nyamaza. Mtoto ataandika 81 kuwa 3⁴. Chini ni 3 kwa 3, basi za juu hazina budi kulingana: x + 1 = 4, x ni 3. Sentensi hiyo hiyo inamaliza 9ˣ = 27. Tisa ni 3², ishirini na saba ni 3³; kwa hiyo 2x = 3, na x ni moja na nusu. Mlinganyo uliotisha umebaki wa kugawanya kwa 2.

3. Azima jedwali la Stifel. Kipeo cha sifuri na vipeo hasi ndipo wazazi wengi hukimbilia jikoni. Usikimbie. Mwaka 1544 Mjerumani Michael Stifel alichapisha jedwali katika kitabu chake Arithmetica Integra: mstari wa juu unaanzia -3 hadi 6, wa chini unaanzia 1/8 hadi 64. Lichore. Mwambie mtoto atembee kutoka kulia kwenda kushoto, kila hatua akigawanya kwa 2: 8, 4, 2, 1, nusu, robo. Ataona mwenyewe kwamba 2⁰ ni 1 na 2⁻² ni robo. Wewe kunywa chai, jedwali linafundisha.

4. Tunga maswali kuanzia mwisho. Huna kitabu cha majibu? Huhitaji. Chagua jibu kwanza, tuseme x ni 4. Zidisha kwa 2, toa 3, unapata 5. Sasa 2⁵ ni 32. Andika: 2²ˣ⁻³ = 32. Mpe, ukunje mikono. Jibu unalo tangu kabla ya swali, na kwa mtindo huu utatunga mengine mpaka karatasi ziishe.

5. Usisahihishe, uliza. Akiandika 2³ × 2⁴ = 4⁷, usiseme "umekosa". Sema: "Hebu zifungue zote." Ataandika mbili tatu, kisha mbili nne, atazihesabu: ziko saba, na chini bado ni 2. Akiona 2³ + 2⁴ akajumlisha vipeo pia, mwambie akokotoe kila upande: 8 na 16 ni 24, ilhali 2⁷ ni 128. Kosa alilolifumania kwa mkono wake halirudi kirahisi, na wewe hukulazimika kukumbuka kanuni yoyote.

6. Weka akiba ya mtego mmoja. Mwishoni mpe x² = 49. Atasema 7 haraka haraka. Muulize kwa upole: "Na -7 je?" Hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo majibu ni mawili. Swali hili litakupa sifa ya wiki nzima.

7. Hamishia uhakiki kwake. Asikuulize kama amepata. Arudishe jibu lake penye x na kuona kama pande mbili zinalingana. Mtoto aliyezoea hivyo hahitaji alama ya vema ya mtu mwingine, hata ndani ya chumba cha mtihani.

8. Funga mapema. Maswali matatu kila jioni yanatosha. Acha angali na hamu. Kesho mbadilishane: yeye atunge kwa njia ya namba 4, wewe utatue. Atajitahidi mno kukuaibisha, na ili akuaibishe itambidi avielewe vipeo kutoka mwisho hadi mwanzo. Akifaulu kukushinda, mpe mkono, kisha mwambie akuonyeshe hatua ya kwanza.