Njiwa wa Bergen
Tarehe 1 Aprili 1990, Mmarekani David Waitzman alitangaza, kwa lugha rasmi isiyo na chembe ya tabasamu, kanuni za kusafirisha data za mtandao kwa njiwa, na kila mwenye akili akatambua kuwa ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Lakini mafundi wa kompyuta, taifa ambalo ukilitania hukudai maelezo zaidi, hawakuridhika, hata mwaka 2001 wenzao wa Bergen, Norwe, wakawafunga ndege karatasi miguuni, wakatuma pakiti 9, wakapata majibu 4, la haraka kuliko yote likichukua zaidi ya dakika 50. Walifurahi ajabu. Nami, niliyeukodolea macho ukurasa wa benki ukizunguka tangu adhuhuri hata alasiri, sina ulimi wa kuwacheka: njiwa, walau, huonekana akiondoka.