Hizo Zinapita Tu, Mama

Kila shule zikifungwa, wanangu wawili hurudi na masanduku yao ya bati, nami najua mgongo wangu umekwisha. Eti nawasaidia kupanga chumba. Anayeingia chini ya kitanda na fagio ni mimi. Wao husimama mlangoni wakinieleza kwa nini kila ninachokivuta hakitupwi.

Vumbi sina ugomvi nalo. Ukikaa Tororo kando ya barabara ya Malaba, malori hupita usiku kucha. Dirisha ulilofuta asubuhi, jioni unaliandikia kwa kidole. Kinachonitoa jasho ni mali. Mtoto wa mpakani hana takataka, ana bidhaa ambazo hazijavuka kwenda kwenye soko.

Juzi nilivuta kopo la maziwa, zito ajabu. Kumwaga sakafuni, sarafu: ng'ombe wa mia, samaki wa mia mbili na korongo wa mia tano, wa kwetu Uganda hao, wamechanganyikana na twiga, vifaru na simba wa Kenya. Nikasema tuzitenge, zetu nikanunulie sabuni. Mkubwa, miaka tisa, akanitazama kwa huruma.

"Chukua hizo samaki, Mama. Za Kenya usiguse, nangoja bei ipande."

Kwamba shilingi moja ya Kenya inazidi ishirini zetu, hilo analijua. Jedwali la saba ndilo linalomshinda.

Chini ya godoro la mdogo nikakuta makavera, yamenyooka kabisa kwa kulaliwa. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Huku kwetu muuza nyanya bado anakufungia humo bila wasiwasi. Kijana alipokwenda kwa bibi yake Amagoro akaona imeadimika, basi akaanza kuweka akiba. Nikamtisha: faini yake hufika milioni nne za Kenya, au kifungo cha hadi miaka minne. Akafikiri kidogo.

"Basi atapita nazo Bibi. Wazee hawapekuliwi."

Miaka sita huyo!

Nikaona afadhali niwagawie chumba kwa mstari wa chaki, kila mtu awajibike kwa uchafu wake. Na mimi ni Mteso, ningepaswa kujua mistari inavyoleta shida. Mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, na hadi leo mtu ana shamba huku na shangazi kule. Kabla sijanyoosha mgongo, mkubwa alishamtoza mwenzake biskuti mbili, moja ya kutoka upande wake na moja ya kuingia upande wa kabati. Nikamkumbusha kwamba Busia wana kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, msafiri anasimama mara moja tu.

"Sawa," akasema. "Alipe zote mbili hapahapa."

Chumba sasa kinang'aa, njooni mwone. Ila mpitie mlango wa nyuma, maana ukumbini kuna boksi lililobeba kila nilichokitoa mle ndani. Nilipouliza linangoja nini, nikajibiwa, "Hizo zinapita tu, Mama. Ni za kwa Bibi." Baba yao alijikwaa hapo usiku, akafoka kutaka kujua nani kaziba njia. Akaulizwa karatasi zake ziko wapi.