Fundi wa Kurasa

Jirani yangu ana studio chumbani: kompyuta, maiki moja, na trei za mayai ukutani, ambazo hazizuii hata kikohozi. Tangu apate rundo la Sound on Sound, jarida la Waingereza la kurekodi sauti lililoanza 1985, hatupumui. Juzi kanishika mkono kunieleza kwamba maiki ya Neumann U 87 ina swichi ya kuchagua isikie upande mmoja, mbele na nyuma, au pande zote. Ya kwake inamsikia jogoo wa mama mwenye nyumba. Na jarida, tuseme haki, halichoki kufundisha namna ya kuiweka maiki uliyonayo. Kurasa hizo hajazifikia. Bado yuko kwenye matangazo. Mafundi sauti wa kulipwa nao hulisoma, wakimsubiri msanii aliye "njiani" tangu saa nne.