Mhadhara Mkuu wa Baruti, Fataki na Kutu

Mheshimiwa chifu, wazee wa Nyumba Kumi, viongozi wa dini zote mbili na zile nyingine, akina mama wa nyanya kutoka Kimana, ndugu zetu polisi wa akiba mliokuja na bunduki zenu ingawa barua ya mwaliko ilisema mje na kalamu, na vijana wa bodaboda mnaoziba mlango: itifaki imezingatiwa. Sopa!

Nimesikia "ipa" hafifu. Si neno. Wenye elimu wote hupokelewa hivyo, mpaka wafe.

Kwa wale wachache ambao hawajabahatika kunifahamu, mimi ndiye Mtaalamu Mkuu wa Risasi wa Kaunti ya Kajiado, kuanzia Kitengela hadi Rombo. Cheo hiki sikupewa na mtu. Nilipoona serikali inajivutavuta, nilijitunuku mwenyewe ili kuokoa fedha za umma. Na kabla yule mzee wa kofia hajainua mkono kuuliza kama nina bunduki: sina. Daktari wa wajawazito pale hospitalini ni mwanamume, na sijasikia mtu akimwuliza alijifungua lini. Tuendelee.

Mada yetu ni kujaza risasi upya, pamoja na namna ya kuepuka aibu ya bunduki kukataa kulia simba akiwa tayari amesharuka ua. Risasi ina sehemu nne. Kuna ganda, la shaba ya manjano. Kitakoni mwa ganda kuna fataki, kidude kidogo chenye hasira nyingi. Ndani kuna baruti. Mdomoni kuna kichwa, na hicho ndicho kinachosafiri. Ukifyatua, pini inaigonga fataki, fataki inaiwasha baruti, baruti inageuka gesi kufumba na kufumbua, na gesi inakitimua kichwa mtutuni. Ganda linabaki, limetanuka kidogo. Kujaza upya ni kuliokota ganda hilo, kulikagua kama lina ufa, kulirudisha kwenye kipimo chake, kung'oa fataki iliyokufa na kutia mpya, kupima baruti kwa mizani, kisha kukikaza kichwa kipya mahali pake.

Nitaonyesha kwa vitendo. Ganda litakuwa kikombe hiki cha bati. Fataki ni kizibo hiki cha soda. Baruti ni majani haya ya chai, ambayo kamati ya maandalizi imeniachia pakiti nzima. Kichwa cha risasi kitakuwa nyanya. Sajini, kaa tu hapo nyuma, ni majani ya chai. Njoo unuse kama huamini. Asante. Sasa ninashindilia hivi, taratibu, kwa mkono wa mtaalamu...

Naam. Nyanya imepasuka. Chifu atanisamehe kwa lile shati. Hilo ndilo tunaloliita kani kupita kiasi, na nililikusudia. Katika bunduki halisi, kinachopasuka si nyanya bali chemba, nayo iko karibu na shavu lako. Wazee wa gobori walipima baruti nyeusi kwa macho, wakaishindilia kwa mdeki, na wengi wao walizeeka na macho yote mawili, kwa sababu baruti nyeusi ina subira. Baruti isiyotoa moshi haina subira hiyo. Atakayeitia kwenye gobori kwa kipimo cha babu yake amejitengenezea bomu na kulishika mwenyewe. Na atakayechanganya baruti mbili kwa kuwa zimefanana rangi, huyo simwiti mwanafunzi wangu hata akilipa ada.

Sasa niwaulize: makao makuu ya elimu hii duniani yako wapi? Nasikia Marekani. Nasikia Urusi. Kaeni kimya wote. Yako nyuma ya mlima huu. Toka nje, utazame Kilimanjaro, uzunguke upande wa pili, ushuke Moshi. Huko, mwaka 1915, kulifanyika kazi ya kujaza risasi upya ambayo haina mfano katika Afrika Mashariki nzima, na hakuna shule hata moja ya wilaya hii inayoifundisha. Ndiyo maana nipo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilifika mpakani petu mapema. Novemba 1914 Waingereza waliwavamia Wajerumani pande mbili katika wiki moja: kutoka baharini pale Tanga, na kutoka upande wetu huu pale Longido, ambako mifugo yenu hufika bila pasipoti. Kote kuwili walirudishwa. Kule Tanga kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliokota bunduki mia kadhaa na risasi zaidi ya nusu milioni, akafurahi kuliko alivyofurahia ushindi wenyewe. Kwa nini? Kwa sababu askari wake wengi walikuwa bado wanabeba bunduki za muundo wa 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Mfaransa Paul Vieille alikuwa amevumbua baruti isiyotoa moshi tangu 1884, lakini miaka 30 baadaye askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, alikuwa akifyatua mara moja tu, wingu linapaa juu ya kichaka, na kila mwenye macho upande wa pili anajua pa kulenga. Hilo ndilo tatizo la kwanza la vifaa ninalowakabidhi leo: bunduki inayokuchongea.

Nusu milioni haikai katika vita. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza, na kiwanda cha risasi hakikuwepo. Berlin ikatuma meli iitwayo Rubens, meli ya Waingereza wenyewe iliyotekwa na Wajerumani, ikapakwa rangi na kupewa jina la Kidenmaki, Kronborg, chini ya nahodha Carl Christiansen. Ilizunguka Afrika kwa kusini bila kukamatwa. Aprili 1915, ikiwa karibu kabisa na Tanga, manowari Hyacinth ikaiona. Christiansen akaikimbiza ndani ya ghuba ya Manza, akaiacha izame kwenye maji ya kina kifupi na kuungua juu, na Waingereza wakaondoka wakiamini kazi imekwisha. Wajerumani wakaja na wapiga mbizi, wakatoa shehena kidogo kidogo. Risasi zilipatikana, lakini zilikuwa zimelala baharini.

Hapa, ndugu zangu, historia inaonyesha ucheshi wake mbaya. Miaka kumi kabla, 1905, Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe aliwaambia watu kwamba maji yake yatageuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Watu wakaamini, wakaenda, wakafa kwa maelfu, kwa kuwa risasi hazikugeuka. Kisha mwaka 1915 maji ya Manza, maji ya chumvi ya kawaida ambayo hayajawahi kuombewa na mtu, yakaanza kuua risasi za Mjerumani yuleyule bila kuulizwa. Chumvi ikala fataki. Baruti ikashika unyevu. Kila wiki zilizokataa kulia zikaongezeka.

Ndipo Moshi Mpya, palipoishia reli ya kutoka Tanga, pakageuka chuo kikuu. Askari na wapagazi waliketi kutoka asubuhi hadi jioni, kwa miezi, wakizifungua risasi moja moja. Walitoa kichwa, wakamwaga baruti, wakaisafisha na kuikausha. Fataki iliyooza wakaing'oa na kutia nyingine kutoka akiba iliyokuwepo nchini, ingawa hizo zilikuwa za muundo tofauti. Kisha wakafunga tena. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliyaeleza haya katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1920. Yeye ana wasifu wake katika maktaba za dunia, na wale walioketi Moshi wakinusa baruti mchana kutwa hawana hata kibao cha mbao. Ningewajengea mimi, kama kamati ingenilipa nauli ya kupitia Tarakea.

Sikilizeni walivyozipanga, maana hapa ndipo penye hekima. Risasi kavu za zamani, ambazo hazikuguswa na bahari, zilitengwa kwa bunduki za rasharasha peke yake, kwa kuwa rasharasha ikikwama imekwama, na waliokuwa wanaitegemea wamebaki uchi. Zilizojazwa upya zikajaribiwa. Zile zilizokataa kama asilimia 20 zikapelekwa vitani. Zilizozidi hapo zikawa za mazoezi. Nirudie kwa faida ya walioko mlangoni: moja katika kila tano ilikataa, na hizo ndizo zilizoitwa nzuri. Yaani askari anajitokeza mbele ya adui akijua kwamba amebeba risasi nne na bahati nasibu moja.

Kutoka Moshi tunakuja moja kwa moja kwako, mzee wangu wa polisi wa akiba, yaani KPR, au NPR kama mnavyojiita siku hizi. Nimekuona ukitoa risasi zako kwenye mfuko wa plastiki. Umevunja sheria moja ya maumbile na moja ya Kenya. Plastiki inafungia jasho ndani asubuhi ukungu wa mlima unapoteremka, na mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu 2017. Risasi hukaa pakavu, mbali na moto, mbali na dawa ya kuoshea mifugo, mbali na wajukuu, na mbali na bunduki yenyewe. Iliyoota ukungu wa kijani kibichi usiisugue kwa mchanga na kuirudisha mkandani. Irudishe kituoni, upate nyingine. Ukikuta ganda lina tundu au mkunjo, hadithi ni hiyohiyo.

Na mafuta! Mnapaka bunduki mafuta kana kwamba inaenda harusini. Vumbi la Amboseli likikutana na mafuta mengi linakuwa tope la kusagia chuma, na komeo linaanza kugoma siku ileile unapolihitaji. Paka kidogo, pangusa. Kwa bunduki zile za zamani zinazokula risasi za zamani kuna siri nyingine: fataki za siku hizo huacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta hayaondoi chumvi. Osha kwa maji ya moto, kausha vizuri, kisha ndiyo upake mafuta. Najua inasikika kama uchawi, kuzuia kutu kwa maji. Ndiyo maana mnahitaji mtaalamu.

Tukigeuka upande wa Chyulu tunafika Tsavo. Desemba 1898 yule msimamizi wa daraja la reli, John Henry Patterson, alikuwa na simba wawili waliokuwa wakila vibarua wake. Je, alichukua bunduki yake aliyoizoea? La. Aliazima ya msimamizi wa polisi, nzito yenye mitutu miwili. Asubuhi ya tarehe 9 simba akatokea karibu, akalenga, akafyatua, akasikia "ta!" kavu, risasi imekataa. Alishtuka mpaka akasahau kwamba kuna mtutu wa pili, akaishusha bunduki aijaze upya. Simba alikuwa amechanganywa na makelele ya wapiga debe, la sivyo tusingekuwa na kitabu chake. Usiku huohuo Patterson alimwua wa kwanza, na leo simba hao wako Chicago ndani ya kioo wakitazamwa na watoto wa shule.

Bunduki ya kuazima ijaribiwe mchana, mahali salama, kabla ya haja. Risasi ikikataa, usikimbilie kuifungua: acha mtutu ukielekea pasipo mtu, subiri nusu dakika nzima, maana fataki nyingine huwaka kwa kuchelewa kama mwanasiasa. Ukiwa na simba mbele yako, bila shaka, mpango wa nusu dakika utajadiliwa na simba. Na ukisikia "puf" badala ya "paa", simama hapohapo. Huenda kichwa kimekwama mtutuni. Ukifyatua ya pili nyuma yake, mtutu utapasuka kama ile nyanya, na safari hii shati halitakuwa la chifu.

Sajini anasema nini? Anasema Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimwachii mwananchi atengeneze risasi jikoni kwake, na kwamba risasi za serikali zinatoka kiwandani Eldoret. Ni kweli. Kwa hiyo hakuna mtu hata mmoja ukumbini humu anayeruhusiwa kufanya niliyofundisha leo, pamoja na mimi. Hilo halipunguzi thamani ya mhadhara. Mnajimu naye haruhusiwi kugusa nyota.

Swali la mwisho, mama wa shanga nyekundu. Unauliza kama si rahisi zaidi kufunga zile taa za kufukuza simba. Nilitegemea hakuna atakayelitaja jambo hili. Ndiyo, kule Kitengela, ukingoni mwa mbuga ya Nairobi, mvulana aitwaye Richard Turere aliunganisha betri ya gari, paneli ya jua, kidude cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu. Taa zikamweka kuzunguka boma usiku kucha, simba wakadhani kuna mtu anatembea, wakaenda zao. Mwaka 2013 wakamwalika Marekani ahutubie. Mtoto! Taa hazina ganda, hazina fataki, hazishiki unyevu kwa namna ya kuvutia, na hazijawahi kumlipukia mtu usoni. Hakuna sayansi yoyote pale. Swali lako limeandikwa, mama, litajibiwa katika mhadhara ujao.

Vyeti viko mlangoni, shilingi mia tatu. Sajini, wewe ni bure.

Na wale mnaoulizia chai: pakiti ilikuwa moja, nayo ndiyo hii iliyolowa nyanya. Ndiyo, mama, inaweza kutolewa, kusafishwa na kukaushwa kama ile ya Moshi. Itachukua miezi kadhaa, na kikombe kimoja katika kila vitano kitakataa.